Miaka Kumi Nikicheza Mchezo Mmoja

Bwana Mwenyekiti, wazee, kina mama, vijana wa chesi, hamjambo. Nimesikia sauti mbili tu. Hamjambo nyote? Sawa, sasa mmeamka. Mvua inapiga haya mabati kama imetumwa, kwa hivyo mkikosa kunisikia inueni mkono nipaze sauti.

Mwenyekiti alinipigia simu Jumanne. Akaniambia, "Profesa, wewe ulianza ukiwa mtu mzima, una kazi, una familia, na bado unapanda. Njoo uambie wachezaji wa kawaida kama sisi vile mtu anaweza kuendelea kukua mwaka baada ya mwaka." Nikamwambia nitakuja. Sikumwambia nitasema nini. Mwenyekiti, unisamehe. Sitaanza na kupanda. Nitaanza na vile mtu mwenye akili timamu anaweza kukaa mahali pamoja miaka kumi akijiita bingwa. Na sitataja jina la mtu hapa. Mkimtambua mtu, mtambueni kimya kimya.

Wengi wenu mnanijua. Mimi ni fundi wa makochi, karakana yangu iko Kaptembwo, hapa Nakuru, kando ya barabara. Chesi nilijifunza nikiwa na miaka ishirini na tisa. Mwalimu mmoja mstaafu alileta kiti chake kibadilishwe kitambaa, akakataa kuondoka, kwa sababu fundi wa kwanza alikuwa amekaa na kiti hicho miezi minne. Siku tatu mzee alikuja na ubao wake, akaketi juu ya gunia la sponji, akanifundisha huku nikigonga misumari. Siku ya kwanza alinionyesha vile farasi anaruka, nikacheka. Siku ya tatu nilijigonga kidole kwa nyundo kwa sababu macho yangu yalikuwa kwenye ubao.

Ndugu zangu, nawaambia, hakuna kitu kitamu kama ile miaka miwili ya kwanza. Kila wiki unaona kitu ambacho wiki iliyopita hukukiona. Nilipiga majirani, nikapiga fundi wa viatu, nikapiga askari mmoja wa kituo aliyekuwa anajisifu. Nikakuja huku mjini kwenye klabu, nikapiga watu wenye digrii. Hapo ndipo mtu mmoja akaniita Profesa, kwa mzaha, na mimi nikalichukua lile jina kama cheo.

Silaha yangu ilikuwa moja. Natoa malkia mapema, farasi wangu anaruka kumfuata, na ukizubaa hatua mbili tu mfalme wako amekwisha. Nusu ya watu wa klabu waliogopa huo mtego. Nusu ile nyingine, wale wazuri, walikuwa wanaufungua polepole kama mtu anayemenya ndizi, halafu wananipiga. Lakini mimi niliwahesabu wale walioogopa tu.

Mwaka wa tatu nikamaliza wa tano kwenye mashindano yetu. Mwaka wa nne, nafasi ya tano tena. Mwaka wa tano, nafasi ya sita. Mwaka wa saba, nimerudi nafasi ya tano. Hapo kwenye nafasi ya tano ndipo nilipojenga nyumba, nikakaa. Kila nikishindwa nilikuwa na sababu. Ukumbi ulikuwa na baridi. Saa ya chesi ilikuwa mbovu. Yule alikuwa anakohoa makusudi. Sikuwahi kushindwa kwa sababu mtu amecheza vizuri kuliko mimi, hata mara moja, katika miaka kumi. Ile karatasi ya kuandikia hatua, nyinyi mnaijua, unapewa nakala uende nayo nyumbani ujifunze. Yangu nilifungia misumari na kujazia viti. Kama ulinunua kochi kwangu miaka hiyo, pengine ulibeba mchezo wangu mmoja kwenye kiti na hukujua.

Na simu ilikuwa ndiyo chakula changu. Michezo ya dakika tatu tatu, ishirini kwa siku, thelathini. Kwenye foleni ya kinyozi nacheza, msibani nacheza. Mkono unasonga, kichwa kimelala. Malkia mapema, farasi, mtego. Nikishinda nafurahi, nikishindwa nabonyeza kitufe nianze mwingine kabla uchungu haujafika. Nasikia watu wakisema, "Cheza sana, utakua." Mimi ni ushahidi kwamba si kweli. Nilicheza maelfu. Nilikuwa nacheza mchezo mmoja tu, mara elfu.

Bibi yangu, mama wa watoto wangu, hata si mtu wa chesi, lakini aliona. Siku moja aliniletea chai karakana, akanikuta nampiga muuza mitumba mmoja aliyekuwa mteja wangu wa kila siku kwenye ubao. Akasimama akatazama. Akauliza, "Huyu si ndiye ulimpiga jana?"

"Ndiye."

"Na juzi?"

"Na juzi."

"Na wale wanaokupiga huko mjini, hao unacheza nao lini?"

Nikamwambia chesi si mambo ya jikoni. Akachukua kikombe chake akaenda. Usitingishe kichwa, mzee wangu, bado hatujafika penyewe.

Miaka sita iliyopita akaja dada mmoja kutoka Naivasha. Nitamwita hivyo tu, dada wa Naivasha. Alikuwa anafanya kazi kwenye shamba la maua, upande wa kupanga na kufunga. Chesi alifundishwa na wenzake wa kazi wakati wa mapumziko ya mchana. Kila mwezi, akipata siku yake ya kupumzika, alikuwa anakuja Nakuru kucheza na sisi. Mtu mmoja mpole, sauti ndogo, kitambaa kichwani, mkoba wa kitenge.

Siku ya kwanza alipangiwa mimi. Nilimpiga kwa hatua kumi na nne. Mtego. Hakulia, hakukasirika. Aliandika hatua ya mwisho, akainua macho akaniuliza, "Profesa, nilikosea wapi?"

Nikamwambia, "Ulikosea kutoka nyumbani."

Watu wakacheka. Baadhi yenu mko hapa, mlicheka. Simlaumu mtu, mimi ndiye nilitafuta kile kicheko.

Alirudi mwezi uliofuata. Nikampiga. Akauliza lile swali. Nikamwambia arudi kwa maua. Alirudi tena. Mara tano alicheza na mimi, mara tano nikampiga, na mara tano aliuliza, na hata siku moja sikumjibu. Aliyekuwa anamjibu ni rafiki yangu mmoja wa Elburgon, yule anayeniletea mbao za fremu. Yeye ni mchezaji wa kiasi, hana majivuno. Mchezo ukiisha anamwita dada wa watu kwenye benchi la nyuma, wanapanga vipande upya, wanarudia kuanzia mwanzo. "Hapa uliogopa nini? Hapa kama ungesukuma huyu askari je?" Mimi nikipita nasema, "Shule ya chekechea imefunguliwa." Wao wanaendelea. Ule mchezo wa tano nilimpiga kwa taabu. Nilijua ananikaribia, lakini sikutaka kujua.

Sasa nisikilizeni. Miaka minne iliyopita tulikuwa na yale mashindano ya kuchagua timu ya kwenda Nairobi. Mnayakumbuka. Ukumbi wa shule, siku mbili. Nafasi ilikuwa moja imebaki, na mchezo wa mwisho, kwenye meza ya tatu, ni mimi na dada wa Naivasha. Nikishinda naenda. Nikishindwa, au tukienda sare, anaenda mtu mwingine. Nilikuwa na miaka arobaini na mbili na sikuwa nimewahi kuchaguliwa kwa kitu chochote maishani mwangu. Mnielewe hapo, ingawa si sababu.

Dada alikuja sikio moja limezibwa na pamba. Alimwambia mwamuzi asubuhi kwamba sikio linauma, yuko kwenye dawa. Mwamuzi akasema sawa.

Nikatoa malkia wangu. Nikarusha farasi. Nikaegemea kiti nikingoja aogope. Yule dada hakuogopa. Alisogeza askari mmoja pembeni, polepole, akabonyeza saa, akaandika. Nikaendelea kushambulia. Akaniachia ngome yake nzima, bure. Nikaitazama ile ngome nikasema moyoni, amechanganyikiwa. Nikaila. Hatua tatu baadaye malkia wangu alikuwa hana mlango wa kutokea. Miaka kumi nacheza ule mtego na sikuwa nimewahi kuona ule mlango ukifungwa.

Jasho likanitoka. Yeye akaomba ruhusa akatoka nje kidogo na mkoba wake. Mimi nami nikatoka, eti nikanawe uso. Nikamwona pale kwenye bomba la maji. Alikuwa ameinamisha kichwa upande mmoja, ana chupa ndogo mkononi, anajitia dawa sikioni. Niliiona ile chupa. Niliona akifunga macho kwa sababu inachoma. Nilimwona vizuri kama ninavyowaona nyinyi.

Nikarudi ndani. Nikainua mkono. Nikamwambia mwamuzi, "Huyu anasaidiwa."

Ukumbi wote uligeuka. Dada alipoingia akakuta watu wamesimama. Mwamuzi akamwambia atoe ile pamba. Akatoa, ikiwa na usaha, mbele ya watu. Wakamwambia afungue kitambaa cha kichwa. Akafungua. Wakamwaga mkoba wake mezani, kati ya vipande vya chesi: dawa, chapati imefungwa kwa gazeti, soksi, mambo ya wanawake ambayo hakuna mwanaume alipaswa kuyaona, na kitabu cha mazoezi cha shule. Mimi nikakishika kile kitabu nikakifungua, kimejaa hatua za chesi. Nikakiinua juu. Nikasema, "Ndicho hiki! Anaenda kusoma huko nje."

Yeye akaniuliza kwa ile sauti yake ndogo, "Profesa, wewe umeniona nikisoma?"

Mwamuzi naye akauliza, "Umemwona?"

Na mimi nikasema, "Nimemwona. Pale kwenye bomba. Ameinama anasoma."

Hii ni mara ya kwanza nasema mbele yenu. Wengi wenu mmeamini miaka minne kwamba yule dada alikuwa mwizi wa chesi. Hakuwa. Nilidanganya. Sikukosea macho, sikuchanganyikiwa. Niliona dawa nikasema kitabu.

Kamati ikakaa, ikanipa pointi. Dada akakusanya vitu vyake kimoja kimoja. Kile kitabu walikaa nacho wakasema ni ushahidi. Rafiki yangu wa Elburgon alikuwa amesimama mlangoni, akanitazama, nami nikamkwepa. Akanyamaza. Wote tulinyamaza. Yule mwanamke akatoka peke yake kwenda kutafuta gari la Naivasha.

Nairobi nikaenda, nimevaa fulana ya timu. Nilicheza michezo saba. Nikashindwa sita, nikapata sare moja, na yule niliyetoka sare naye alikuwa na homa. Kwenye mchezo wa nne mwanafunzi mmoja wa chuo alinitazama nikitoa malkia, akatabasamu, akaniuliza kwa heshima kabisa, "Mzee, hii bado inachezwa?" Nilirudi Nakuru nimekaa dirishani mwa gari, uso nimegeuzia nje.

Wiki mbili baadaye lori la mbao likasimama karakana. Rafiki yangu wa Elburgon akashuka. Hakusalimia. Akatoa kile kitabu cha mazoezi ndani ya koti akakiweka juu ya meza ya kukatia kitambaa.

"Kamati imenipa nimrudishie mwenyewe," akasema. "Lakini soma wewe kwanza."

"Ya nini?"

"Soma, boss. Mimi napakua mbao."

Nikakaa kwenye kochi ambalo halikuwa na kitambaa bado, nikafungua. Kila ukurasa mchezo mmoja, umeandikwa kwa mwandiko wa mtu asiye na haraka. Na chini ya kila mchezo aliokuwa ameshindwa, mstari mmoja au miwili. "Hatua ya kumi na mbili niliogopa malkia bila sababu." "Nilikuwa na nafasi nzuri nikaharakisha." "Mwisho wa mchezo sijui kutumia mfalme, nijifunze." Halafu kurasa zinazofuata, amejifunza: mfalme na askari, mfalme na ngome, hali moja baada ya nyingine, amechora kwa kalamu ya risasi.

Michezo yangu mitano ilikuwa pamoja, imepigiwa mstari. Baada ya ule wa tano alikuwa ameandika, "Profesa hucheza hivi kila mara. Hajabadilisha kitu tangu nimjue." Na ukurasa uliofuata, tarehe ya mwezi mzima kabla ya mashindano, ilikuwepo ile ngome. Ameiacha bure, na mishale inaonyesha malkia wangu anakokimbilia, na kila mlango umefungwa. Mwanamke anayesimama siku nzima akifunga maua ya kupeleka ng'ambo, alikaa chini na makosa yangu zaidi kuliko vile mimi mwenyewe nimewahi kukaa nayo.

Nilitaka kusema kitu kwa rafiki yangu. Yeye akanitangulia. "Mimi pia nilinyamaza pale mlangoni. Sijakuja kama hakimu. Lakini kitabu sitampelekea mimi."

Jumapili iliyofuata nikaenda Naivasha. Nilimkuta mlangoni kwake anamenya viazi, bado ana buti za kazi. Akaniona, akakata kiazi alichokuwa nacho mpaka kikaisha. Kisha akaenda ndani akaniletea kiti, akaniletea chai. Ile chai ndugu zangu, heri angenimwagia.

"Umekuja kufanya nini?" akaniuliza.

"Kuomba msamaha."

"Uliniona nikisoma?"

"Hapana."

"Uliniona nikifanya nini?"

"Ukijitia dawa."

Akatingisha kichwa polepole. "Basi kawaambie wao. Mimi nilikuwa najua tayari."

Nikampa kitabu. Akakipangusa na lesso, lakini hakukifungua. Akaniambia alikuwa ameacha chesi. Habari zilifika kazini kabla yake, mtu aliyekuwa ukumbini aliwapigia wenzake. Wale wale waliomfundisha mchezo wakati wa mapumziko, sasa akikaribia ubao wanaficha mikoba yao wanacheka. Alikuwa amepewa matumaini ya kusimamia kikundi chake. Msimamizi akasema wangojee kwanza.

Nikamuuliza, "Nifanye nini?"

"Nimeshakuambia. Uwaambie." Halafu akasema neno lingine, na hakulisema kwa huruma. "Wewe Profesa, miaka hiyo yote nimekuona pale, hujawahi kumuuliza mtu kitu. Hata mtu mmoja."

Nilimwahidi nitasema wiki hiyo hiyo. Kwa jina la Mungu nilimwahidi.

Nilichofanya wiki hiyo ni kufuta ile michezo ya dakika tatu kwenye simu. Hicho ndicho niliweza. Ulimi uligoma, mkono ukakubali.

Sasa Mwenyekiti, hapa ndipo pale ulipotaka nianzie. Nilianza upya nikiwa na miaka arobaini na mbili, na nilianza kwa kumwomba rafiki yangu wa Elburgon anikalishe kwenye lile benchi la nyuma. Mchezo mmoja mrefu kwa wiki, saa nzima kila mtu, badala ya mia ya haraka. Nacheza na mtu anayenizidi, sitafuti wa kumpiga. Naandika kila hatua, na nikishindwa namwambia aliyenishinda, "Tafadhali kaa kidogo, nionyeshe." Mara ya kwanza kusema maneno hayo nilihisi kama nimemeza msumari. Asubuhi kabla sijafungua karakana napanga mafumbo mawili matatu ya chesi, si mengi, nayaangalia mpaka chai inapoa. Na nilijifunza mwisho wa mchezo, mfalme na askari, yale mambo ya polepole ambayo nilikuwa nayaita ya wazee.

Ule mtego wangu niliuacha. Na nilipouacha, sikuwa na kitu. Mwaka mzima nilipigwa na watu ambao nilikuwa nawapiga. Muuza mitumba alinipiga, akazunguka mtaa mzima akitangaza. Watu wa klabu wakasema Profesa amezeeka. Anayekuambia kujifunza upya ni raha, hajawahi kuwa na jina la kupoteza.

Bibi yangu, ambaye nilimfukuza na kikombe chake, ndiye alishika kalamu. Alijifunza kusoma zile herufi na namba za ubao. Jioni tukila anaweka karatasi mbele yake anaisoma kwa sauti, na mimi lazima niseme ni wapi nilikosea kabla sijaongezewa ugali. "Ukumbi ulikuwa na baridi" hakuiandika hata mara moja. Alikuwa anasema, "Hiyo si hatua. Niambie hatua."

Mwaka wa pili nikaanza kuona. Si kwa kasi, si kama ule utamu wa mwanzo. Ni kama kumaliza kiti kigumu: leo umevuta kitambaa upande mmoja, kesho upande mwingine. Nilitoka sare na mmoja wa wale waliokuwa wanamenya ndizi. Mwaka jana nikampiga, hatua sitini na moja, mfalme na askari mmoja. Mwaka huu nimemaliza wa pili. Nina miaka arobaini na sita, macho yamepungua, na nacheza vizuri kuliko nilivyocheza nikiwa na thelathini na tatu. Inawezekana. Nawaambia nyinyi mliochoka, nyinyi wa kazi mbili, nyinyi mnaodhani muda wenu umepita. Inawezekana kabisa. Lakini lazima ukubali kushindwa ukiwa macho, na uulize, na umsikilize anayekujibu hata kama ulimcheka jana.

Sasa, msifurahi. Maana miaka hiyo yote minne sikusema. Mwanzo nilisema nitulie kwanza aibu ya Nairobi ipite. Halafu nikasema nipate nguvu kidogo. Halafu nikaanza kupanda, watu wakaanza kuniita kwenye mikutano kama hii, na kila hatua niliyopanda ilifanya kusema kuwe kugumu zaidi. Nilikuwa nasahihisha makosa yangu yote kwenye ubao, moja baada ya jingine, kwa bidii, ili nisisahihishe lile moja. Mtu anaweza kuwa mchezaji mzuri zaidi kila mwaka na akabaki mwongo yule yule. Hilo halikuwa kwenye mada niliyopewa, lakini ndilo najua.

Namshukuru rafiki yangu wa Elburgon, aliyenikalisha kwenye benchi. Namshukuru bibi yangu na kalamu yake. Nawashukuru wote mlionipiga na mkakubali kukaa kunionyesha, hasa wewe muuza mitumba, ingawa ulinitangaza. Na namshukuru dada wa Naivasha, ambaye shukrani zangu hazina faida kwake.

Wiki iliyopita nilimpigia simu. Nikamwambia nimeitwa kusimama mbele yenu, na safari hii nitasema, na kama anaweza, aje. Akasema, "Siku hiyo niko kazini. Na hata kama singekuwa kazini, singekuja." Nikamuuliza kama amerudi kwenye chesi. Akasema, "Uko na kitu kingine?" Nikasema hapana. Akakata simu.

Kwa hivyo mkitaka kujua mchezaji bora aliyewahi kuketi kwenye meza zetu, hayuko hapa, na sababu ni mimi. Mngekuwa naye leo, ndiye angekuwa amesimama hapa kuwafundisha.

Vijana, ukipigwa, sema umepigwa. Ndilo somo nililo nalo. Lilinigharimu kidogo, yeye lilimgharimu vyote.

Bwana Mwenyekiti, daftari la matokeo ya klabu liko hapo mbele yako. Naomba ile pointi niondolewe, aandikiwe yeye, na iandikwe kwa nini. Timu ya mwaka huu mnitoe, mumchukue wa tatu. Na mtu yeyote hapa mwenye ndugu au rafiki kwenye yale mashamba ya Naivasha, ampigie leo, amwambie mlichosikia. Habari ya uongo ilifika huko siku ile ile.

Msinipigie makofi, tafadhali. Wewe pia, shusha mikono. Mwenyekiti, endelea na ratiba.